Alfred Mahan, Baharia Aliyeitafuta Bahari Vitabuni

Katika mwaka 1884 manowari kuukuu ya Marekani, iitwayo Wachusett, ilikuwa ikifanya doria katika mwambao wa magharibi wa Amerika ya Kusini, na nahodha wake, mtu wa makamo mwenye umri upatao miaka 44, alikuwa amekwisha kuchoshwa na kazi aliyoishika tangu ujana wake. Chombo kilipotia nanga Callao, ambayo ndiyo bandari ya mji wa Lima, alipanda mjini akaingia katika maktaba ya klabu ya Waingereza, akachukua historia ya Roma iliyotungwa na mwanachuoni wa Kijerumani, Theodor Mommsen, akaketi kusoma. Alipofikia habari za Hannibal, jemadari wa Carthage aliyevuka milima ya Alps kwa miguu ili aishambulie Roma, na ambaye alipoteza kama nusu ya askari wake kwa baridi, njaa na majabali kabla ya kupigana vita hata kimoja kikubwa katika ardhi ya Italia, lilimjia wazo ambalo halikumwacha tena mpaka kufa kwake: mambo yangalikuwaje kama Hannibal angalipita baharini? Na kwa nini hakupita?

Jawabu lilikuwa jepesi, na wepesi wake ndio uliomshangaza. Hannibal alipita milimani kwa sababu Warumi ndio waliokuwa na enzi baharini; na maadamu njia ya maji ilikuwa mikononi mwa adui, jemadari yule hodari, aliyeshinda majeshi makubwa katika nchi ya watu, hakuweza kuletewa askari na vyakula kutoka kwao kwa wepesi, hata ushindi wake wote ukaishia kuwa bure. Waandishi wa tarehe za vita walikuwa wamejaza juzuu kwa juzuu sifa za Hannibal na sifa za Warumi waliompinga. Lakini bahari, iliyokuwa na sehemu kubwa katika kukata shauri la vita vile, aghalabu waliitaja kwa maneno machache wakapita.

Nahodha huyo ni Alfred Thayer Mahan. Katika makala haya nataka kueleza jinsi ofisa ambaye hakupata jina kubwa kwa vita wala kwa ubaharia alivyopata kuwa mwandishi wa historia ya bahari aliyesomwa na wafalme na mawaziri, na jinsi mawazo yake, mema yake na mabaya yake, yalivyofika hata katika maji yetu ya Unguja na Rufiji.

Mahan alizaliwa tarehe 27 Septemba 1840 huko West Point, katika jimbo la New York, penye chuo cha maofisa wa jeshi la nchi kavu, kwani baba yake, Dennis Hart Mahan, alikuwa mwalimu wa chuo hicho, na wengi katika majemadari waliokuja kupigana wao kwa wao katika vita vya ndani vya Marekani walikuwa wanafunzi wake. Mtoto alilelewa basi katika nyumba ambamo vita vilikuwa somo la kufikiriwa, si mambo ya kujivunia tu. Kijana aliposhika shauri la kwenda baharini baba hakupendezwa, akimwona kuwa anafaa zaidi kazi za kiraia kuliko za jeshi, na katika uzee wake mwana alikiri kwamba baba aliona kweli. Walakini alikwenda, akaingia chuo cha wanamaji cha Annapolis mwaka 1856, akahitimu mwaka 1859 akiwa wa pili katika darasa lake.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, Mahan alikuwa upande wa serikali ya Kaskazini, na sehemu kubwa ya utumishi wake katika miaka ile ilikuwa kuziba bandari za Kusini zisipate kuuza pamba wala kununua silaha. Kazi hiyo haikuwa na fahari. Manowari zilielea mbele ya bandari miezi na miezi, katika joto na mawimbi, zikingojea merikebu ambazo mara nyingi hazikutokea. Lakini kule kutotokea kwake kulikuwa ni ushindi, kwa sababu Kusini ilizidi kudhoofika mwaka kwa mwaka kwa kukosa vitu ilivyovihitaji kutoka ng'ambo. Miaka mingi baadaye, katika mwaka 1883, alitoa kitabu chake cha kwanza, nacho kilikuwa juu ya kazi ya Jeshi la Maji katika Ghuba ya Mexico na katika mito ya bara wakati wa vita vile.

Baina ya vita hivyo na kitabu hicho ulipita muda mrefu usio na mengi ya kusimulia. Jeshi la Maji la Marekani liliachwa likachakaa, na maofisa walipanda vyeo polepole kwa kungojea zamu zao. Mahan hakuwa baharia wa kusifiwa: maisha ya chomboni yalimchosha, dhoruba zilimtia hofu, na merikebu zilizokuwa chini ya amri yake zilipata kugonga vyombo vingine si mara moja. Alichokuwa nacho ni mazoea ya kusoma, na akili isiyoridhika na kujua kwamba jambo fulani lilitokea, bali iliyotaka kujua lilitokea kwa sababu gani.

Mtu aliyezitambua sifa hizo ni ofisa mkuu Stephen Luce, ambaye mwaka huo huo wa 1884 alifaulu, baada ya kubishana na wengi, kuanzisha Chuo cha Vita vya Baharini huko Newport, katika jimbo la Rhode Island. Makusudi ya chuo hicho hayakuwa kufundisha ufungaji wa kamba wala ulengaji wa mizinga, mambo ambayo maofisa walikwisha kuyajua, bali kuwafundisha watu wazima kufikiri juu ya vita: vina maana gani, huendeshwaje, na hushindwa kwa sababu gani. Jengo walilopewa lilikuwa nyumba ya zamani ya kutunzia maskini, na wakubwa wengi wa Jeshi la Maji walikiona chuo chenyewe kuwa ni upuuzi. Luce alimwandikia Mahan barua kumwita aje kusomesha historia, nayo ilimkuta katika bahari ya Pasifiki. Aliporejea alipewa ruhusa ya kukaa New York, akashinda katika maktaba kwa miezi mingi akisoma habari za vita vya Waholanzi, Wafaransa na Waingereza. Na alipofika Newport mwaka 1886, Luce alikuwa amepewa amri ya kundi la manowari, na Mahan, aliyeitwa kuwa mwalimu, akawa mkuu wa chuo.

Mihadhara aliyoitoa huko ndiyo iliyokuja kuwa kitabu chake kikuu, kielezacho athari ya nguvu ya bahari katika historia kutoka mwaka 1660 hadi mwaka 1783. Wachapishaji kadhaa walikikataa, wakiona kwamba kitabu cha vita vya zamani kilichoandikwa na ofisa asiyejulikana hakitapata wanunuzi, mpaka nyumba ya Little, Brown ya mjini Boston ilipokikubali na kukitoa mwaka 1890.

Hoja ya kitabu hicho yaweza kuelezwa bila ya istilahi ngumu. Bahari, kwa maneno ya Mahan, ni njia kuu ipitwayo na watu wa kila upande, na tangu zamani kuchukua mizigo kwa maji kumekuwa rahisi kuliko kuichukua kwa nchi kavu. Nchi yenye bidhaa za kuuza huhitaji merikebu za kuzichukua. Merikebu huhitaji bandari za ng'ambo zitakamotua, zitengenezwe na kupata maji na vyakula. Na merikebu pamoja na bandari huhitaji manowari za kuzilinda. Biashara huleta mali, mali hulipa gharama za manowari, na manowari huilinda biashara iliyozilipia. Kila taifa lililoweza kuviweka vitu hivyo pamoja lilistawi, na lililokipoteza kimoja katika hivyo liliona vingine vikilegea kwa zamu yake.

Kisha akataja mambo sita ambayo kwayo taifa huweza au hushindwa kuwa na nguvu baharini: mahali nchi ilipo, umbo la ardhi na wema wa bandari zake, urefu wa mwambao wake, hesabu ya watu wake, hasa walioizoea bahari, tabia ya watu hao, yaani mapenzi yao ya biashara, na mwisho tabia ya serikali. Jambo hili la mwisho alilieleza kwa mfano wa Ufaransa wa Mfalme Louis XIV. Waziri Colbert alijenga katika miaka michache viwanda, bandari, merikebu za shehena na manowari, akaitia nchi katika njia ya utajiri; lakini mfalme alipendelea vita vya nchi kavu na mipaka ya Ulaya, na baada ya Colbert kufa mwaka 1683 kazi yake kubwa iliachwa ikaoza. Nchi ilikuwa ile ile, pwani zile zile na watu wale wale. Kilichopungua ni nia ya serikali.

Kwa wasomaji wa pwani yetu, sura iliyo karibu nasi kuliko nyingine ni ile ihusuyo vita vya Bahari ya Hindi, ambamo Mahan anamsimulia amiri wa Kifaransa, Suffren. Amiri huyu aliondoka Brest mwezi wa Machi 1781, akapigana na Mwingereza Edward Hughes mara nne katika mwaka 1782 na mara ya tano mwezi wa Juni 1783, katika maji ya India na Ceylon. Waingereza walikuwa na Bombay ya kutengenezea vyombo vyao na Madras ya kupatia mahitaji. Suffren hakuwa na bandari njema iliyo karibu zaidi kuliko kisiwa cha Mauritius, ambacho siku zile kilikuwa cha Wafaransa. Ilimbidi aunge milingoti na kuziba matundu ya risasi merikebu zikiwa baharini, akichukua mbao na kamba za chombo kimoja kuponya kingine. Upepo wa kaskazi ulipokaribia, pwani ya mashariki ya India, isiyo na hori wala kimbilio, ilikuwa hatari kwa kila chombo, na hapo swali la bandari lilikuwa swali la uhai. Kwa hiyo alipoiteka bandari ya Trincomalee, katika Ceylon, mwezi wa Agosti 1782, alipata kitu kilichokuwa na thamani kuliko merikebu za kutekwa. Mahan, aliyekuwa mgeni wa pepo hizi, aliandika juu yake kwa uangalifu ambao nahodha yeyote aliyezoea kuhesabu kusi na kaskazi atautambua kuwa ni wa mtu aliyewahi kubeba dhamana ya chombo na roho zilizomo ndani yake.

Hapa ndipo faida ya baharia kuandika historia inapodhihirika. Mtu wa maktaba peke yake angaliweza kuhesabu mizinga ya Suffren na ya Hughes, akamaliza. Ofisa aliyewahi kukaa mbele ya bandari miezi mingi anajua kwamba kabla ya mizinga kuna maji ya kunywa, kuna mboga za kuzuia maradhi ya mabaharia, kuna kamba zilizochakaa na ubavu wa chombo ulioota magugu, na kwamba amiri asiyeyatazama hayo hushindwa kabla ya adui kuonekana. Wala Mahan hakuwa peke yake katika njia hii. Philip Colomb, ofisa wa Kiingereza aliyefukuza majahazi ya biashara ya watumwa katika maji yetu, alitoa mwaka 1873 kitabu cha mambo aliyoyaona katika kazi hiyo, na mwaka 1891, mwaka mmoja tu baada ya kitabu cha Mahan, akatoa kitabu kikubwa kielezacho kanuni za vita vya baharini kwa ushahidi wa historia.

Sifa za Mahan zilianza ng'ambo kabla ya kuenea kwao. Mwaka 1893, alipoomba aachwe pwani aendelee kuandika, mkubwa mmoja wa Jeshi la Maji alijibu kwamba kutunga vitabu si kazi ya ofisa wa manowari, na Mahan akapewa amri ya kuiongoza manowari Chicago kwenda Ulaya. Safari hiyo iliyokusudiwa kumwondoa vitabuni ndiyo iliyomwonyesha jinsi vitabu vyake vilivyokuwa vimemtangulia: Uingereza ilimpokea kwa taadhima kubwa, Malkia Victoria akamkaribisha, na vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge vikampa shahada za heshima. Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani alitangaza kwamba anakisoma kitabu kile kwa pupa na kujaribu kukihifadhi, na kwamba kimo katika manowari zake zote. Wajapani walikifasiri na kukisoma katika vyuo vyao. Nyumbani alimpata rafiki mwenye nguvu, Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani. Mahan alistaafu mwaka 1896, akaandika tarehe ya maisha ya Nelson, amiri wa Kiingereza, iliyotoka mwaka 1897, akahudhuria mkutano wa amani wa The Hague mwaka 1899, na mwaka 1902 akawa rais wa jumuiya ya wanahistoria wa Marekani.

Lakini kitabu kikitoka mkononi mwa mwandishi huenda kila msomaji atakapokipeleka. Kaisari alisoma habari za manowari akataka manowari. Kwa sheria za mwaka 1898 na mwaka 1900, chini ya Amiri Tirpitz, Ujerumani ilianza kujenga jeshi la bahari la kushindana na Uingereza, na Uingereza ikajibu kwa kujenga zaidi. Kile ambacho Mahan alikiweka mwanzo wa mambo yote, yaani biashara, bandari za ng'ambo na mahali nchi ilipo, hakikuweza kununuliwa kwa sheria za bunge, na vita vilipokuja mwaka 1914 upungufu huo ulionekana hata katika pwani yetu.

Manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imefika Dar es Salaam mwezi wa Juni mwaka huo. Vita vilipoanza iliikamata merikebu moja ya biashara ya Kiingereza, City of Winchester, karibu na pwani ya Arabuni, kisha ikabanwa na jambo lile lile lililombana Suffren: haikuwa na bandari ya kujitegemeza. Suffren alitafuta milingoti na kamba. Nahodha wa Königsberg, Max Looff, alitafuta makaa ya mawe, na makaa ya eneo hili yalikuwa yamenunuliwa na Waingereza ili yasimfikie. Alijificha katika delta ya Rufiji, akatoka usiku akaishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa ikitengenezwa mitambo katika bandari ya Unguja, alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, kisha akarudi mtoni baada ya mitambo yake mwenyewe kuharibika. Huko ndiko alikozingirwa. Manowari zilizohitajiwa kwingine zililazimika kumlinda, mpaka vyombo viwili vya kina kidogo, Severn na Mersey, vilipoingia mtoni na kuimaliza Königsberg tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake ilitolewa ikatumiwa nchi kavu kwa muda uliobakia wa vita, na mmoja wapo umewekwa katika Ngome ya Yesu, Mombasa.

Mahan hakuuona mwisho huo. Vita vilipoanza, Rais Wilson wa Marekani aliwakataza maofisa wote, waliomo kazini na waliostaafu, wasitoe maoni hadharani juu ya vita, na kwa hiyo mtu ambaye dunia nzima ilitaka kusikia neno lake alilazimika kunyamaza. Alikufa Washington tarehe 1 Desemba 1914, ilhali Königsberg imefungiwa mtoni.

Tukimpima kwa mizani ya haki, hatuna budi kusema kwamba alikosea katika mambo mawili makubwa. La kwanza ni la elimu yake ya vita: aliamini mno kwamba mashindano ya bahari hukatwa na kundi kubwa la manowari likutanapo na kundi jingine, akadharau vyombo viwindavyo merikebu za biashara kimoja kimoja. Kisa cha Königsberg kinamwunga mkono. Lakini mwaka 1917 nyambizi za Kijerumani, zilizopita chini ya manowari zote za Uingereza, zilikaribia kukinyima kisiwa kile chakula chake. La pili ni la utu, na kwangu ndilo zito zaidi. Katika hesabu zake bandari za ng'ambo ni vituo, na makoloni ni mahitaji ya merikebu. Alitaka Marekani ichukue visiwa vya Hawaii, na wenyeji wa visiwa hivyo, kama wenyeji wa pwani nyingine, hawakuwa na nafasi ya kusema katika kurasa zake. Mtu aliyeita bahari njia ya watu wote hakuuliza sana ni haki gani walizonazo watu wanaokaa pembeni mwa njia hiyo, ambao walisafiri kwa kusi na kaskazi, na kubadilishana bidhaa, ndoa na elimu baina ya Afrika, Arabuni na India, karne nyingi kabla ya manowari za Ulaya kuja.

Hata hivyo njia yake ya kuuliza ingali na manufaa, na twaweza kuitumia bila ya kuchukua tamaa za wafalme waliomsoma. Chukua mfano wa Ngome ya Yesu iliyotajwa hapo juu. Ilikuwa mikononi mwa Wareno, na Waomani waliizingira mwezi wa Machi 1696, nayo ikaanguka mwezi wa Desemba 1698. Msimulizi wa kawaida atatueleza ushujaa, maradhi na njaa iliyokuwa ndani ya kuta, na hayo yote ni kweli. Lakini anayeuliza maswali ya Mahan ataongeza kwamba msaada wa Wareno ulitoka Goa, huko India, kwamba merikebu kutoka Goa zilifuata majira ya upepo wala hazikuweza kuja kila zilipohitajiwa, na kwamba Waomani walikuwa na vyombo vyao wenyewe katika bahari ile ile. Na hapo kisa cha ngome moja hugeuka kuwa kisa cha Bahari ya Hindi nzima, ambamo watu wa Maskati, Mombasa na Goa wamefungwa na kalenda moja ya pepo.

Hiyo ndiyo ilimu ambayo nahodha yule aliyeichoka bahari aliitoa kwa wanaosoma na wanaoandika: kwamba kila mji wa pwani una historia mbili, moja ya kuta zake na moja ya maji yaliyo mbele yake, na kwamba aandikaye ya kwanza akaiacha ya pili ameandika nusu. Anastahili kusomwa kwa heshima na kwa tahadhari pamoja, kama asomwavyo mwanachuoni yeyote ambaye maswali yake ni makubwa kuliko majawabu yake. Na vijana wetu wanaojifunza historia ya mwambao huu watafanya vema kuyachukua maswali hayo, kisha wayajibu wao wenyewe, wakianza na wale watu ambao yeye aliwasahau.